Macho Yalianza Lini?



Siku moja nilikuwa kwenye benchi la hospitali moja kubwa nikisubiri jina la ndugu yangu liitwe. Mlango wa daktari ulikuwa nusu wazi, nikasikia swali: "Mzee, macho yalianza kuwa ya njano lini?" Mzee akanyamaza. Mkewe akajibu kwamba ilikuwa wakati wa palizi. Kijana wao akakataa: hapana mama, tulikuwa tumeshaanza kuchuma. Shemeji mtu akakohoa, akasema yeye aliyaona mapema zaidi, ila aliogopa kusema. Sisi wa Simiyu tunajua kwamba kati ya palizi na kuchuma pamba ipo miezi mitatu, pengine minne. Daktari akaandika kitu. Nadhani mbele yake aliweka alama ya kuuliza.

Leo nazungumzia upasuaji wa saratani ya kongosho, na kwa nini mgonjwa mmoja hutoka wodini akitembea na mwingine, kwa kisu kilekile, akapata usaha, akavuja damu au asirudi nyumbani kabisa. Nimeanza na benchi lile kwa sababu jibu la swali lile ni sehemu ya upasuaji wenyewe.

Kongosho limelala kukingama nyuma ya mfuko wa chakula, na kichwa chake kimekumbatiwa na utumbo wa mwanzo. Mrija unaoleta nyongo kutoka kwenye ini hupenya humohumo kichwani. Uvimbe ukiota hapo, mrija unabanwa, nyongo inakosa pa kupita na kurudi kwenye damu. Macho yanakuwa ya njano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, kinyesi kinapauka kama udongo wa kufinyangia, mwili unawasha usiku kucha. Mara nyingi maumivu ni kidogo, na hapo ndipo mtego ulipo. Kwa kuwa hakuna kinachouma sana, tunaanza safari za pembeni. Huyu atasema ni malaria sugu, yule atasema nyongo imepanda. Na kwa kuwa sisi ni watu wa Bariadi, ambao mgeni akitutembelea huuliza habari za Gamboshi, kijiji chetu chenye sifa ya uchawi, kabla hajauliza habari za mvua, hakosekani wa kusema mzee kachezewa. Wiki zinakwenda.

Mwaka 2011 madaktari wa hospitali ya Bugando, kule mlimani Mwanza ambako wengi wetu hupelekwa mambo yakishindikana huku, walichapisha hesabu ya wagonjwa 116 waliofika na manjano ya kuziba kwa njia ya nyongo. Wapo waliokuwa na mawe tu, lakini kwa wale wenye saratani, ya kichwa cha kongosho ndiyo iliyoongoza. Wagonjwa 22 hivi katika kila 100 walipata madhara baada ya kupasuliwa, zaidi vidonda kuingia usaha. Na 15 hivi katika kila 100 walifariki. Madaktari wakatazama ni akina nani hao waliofariki: waliovuka miaka 60, wenye saratani, waliopata vijidudu kwenye damu, na wale waliokaa na manjano kwa muda mrefu. Waliofika na upungufu wa damu nao walikaa wodini siku nyingi zaidi.

Umri hatuwezi kuurudisha nyuma. Saratani nayo haikuomba ruhusa. Lakini muda wa manjano ni kitu kinachotengenezwa huku kwetu, Dutwa, Nkololo, Ngulyati, kabla mgonjwa hajapanda gari la Lamadi kuelekea Mwanza.

Nyongo isiposhuka kwenye utumbo, mafuta ya chakula hayasagiki. Vitamini K, ambayo huingia mwilini pamoja na mafuta, haipiti. Ini linaihitaji vitamini hiyo kutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Kwa hiyo mtu aliyekaa na manjano miezi mitatu anaweza kulazwa mezani akiwa na damu isiyojua kuganda. Dawa yake ni sindano ya vitamini K siku chache kabla ya upasuaji, sindano ya bei ndogo kabisa ukilinganisha na gharama nyingine zote. Wakati huohuo hamu ya kula imekatika, suruali inafungwa kwa kamba, na protini ya kuunga kidonda haipo. Bado hatujafika kwa mpasuaji.

Upasuaji wenyewe unaitwa kwa jina la Whipple, daktari wa New York aliyeuelezea mwaka 1935, ingawa Mjerumani Kausch alikuwa ameshaufanya Berlin mwaka 1909. Huchukua saa tano na kuzidi. Huondolewa kichwa cha kongosho, utumbo wa mwanzo, kifuko cha nyongo na kipande cha mrija wake, wakati mwingine na sehemu ya mfuko wa chakula. Kisha kinachobaki kinaunganishwa upya sehemu tatu: nyongo na utumbo, chakula na utumbo, kongosho na utumbo. Kiungo hiki cha mwisho ndicho kinachowanyima wapasuaji usingizi.

Kongosho kwa siku hutoa maji ya kusaga chakula yanayofika lita nzima, na maji hayo hayachagui. Yakivuja nje ya mshono, huanza kumsaga mwenyewe mgonjwa: nyama, mafuta, hata ukuta wa mshipa wa damu, ndiyo maana mtu anaweza kuonekana anaendelea vizuri kisha siku ya saba au ya kumi akatapika damu. Hatari ya kuvuja hutegemea zaidi kongosho lenyewe lilivyo. Na hapa kuna jambo la kinyume na tunavyodhani: kongosho laini, lile ambalo bado lina afya, ndilo baya kushona. Uzi unalikata. Mwenye shamba ananielewa: shona kitambaa cha pamba, uzi utashika, shona pamba ambayo haijasokotwa, uzi utapita tu. Kongosho lililokakamaa kwa ugonjwa hushika uzi vizuri. Mrija wake mkuu ukiwa mwembamba, milimita tatu au chini, kazi inazidi kuwa ngumu. Unene nao huongeza tatizo, na damu nyingi ikimwagika wakati wa upasuaji vilevile. Mvuta sigara ana mzigo wa mapafu juu ya hayo yote.

Je, si afadhali kwanza kuweka kijibomba kupitia mdomoni, nyongo ishuke, rangi irudi, ndipo apasuliwe? Swali zuri. Waholanzi walilipima na kutoa majibu mwaka 2010, kwa wagonjwa ambao manjano yao hayakuwa makali kupita kiasi. Waliowekewa bomba kwanza, 74 katika 100 walipata madhara makubwa; waliopelekwa moja kwa moja kwenye upasuaji, 39. Bomba huingiza vijidudu mahali ambapo havikuwepo. Lakini kwa aliyechelewa sana, mwenye homa ya njia ya nyongo au aliyedhoofika, bomba linaweza kuwa ndiyo njia pekee ya kumfikisha mezani akiwa hai. Mnaona? Kuchelewa kunakusukuma kwenye njia yenye miiba, kisha unalaumu miiba.

Na tusidhani kuchelewa ni kwa watu wa vijijini tu. Steve Jobs, tajiri wa kompyuta wa Marekani, aliambiwa ana uvimbe kwenye kongosho mwaka 2003. Akahangaika na vyakula maalumu na juisi kwa miezi tisa ndipo akakubali kisu. Uvimbe wake ulikuwa wa aina ya taratibu, ile isiyokimbia. Huu wa kawaida haungempa miezi tisa.

Sasa neno moja kuhusu mahali pa kupasuliwa, ambalo ndugu wa mgonjwa huona haya kuliuliza. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 kwa wazee waliopasuliwa kongosho ulionyesha kwamba katika hospitali zinazofanya upasuaji huu kwa nadra sana, walifariki 16 katika kila 100. Katika zile zinazoufanya mara nyingi, hawakufika wanne. Si mkono wa daktari mmoja tu huo. Ni mtaalamu wa nusu kaputi, ni muuguzi wa usiku anayetazama rangi ya maji kwenye bomba la tumboni, ni benki ya damu, ni chumba cha wagonjwa mahututi. Kumwuliza daktari, "Hapa mnafanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka?" si utovu wa adabu. Daktari mzuri atakujibu, na pengine yeye mwenyewe atakuandikia rufaa ya hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Wengi watakuta kwamba uvimbe umeshasambaa, kwani duniani kote ni kama mmoja kati ya watano tu anayefika uvimbe ukiwa bado unaweza kutolewa. Ambaye uvimbe wake umeshasambaa hutengenezewa nyongo njia ya pembeni ili apate nafuu ya kuwashwa na aweze kula. Si kazi bure hiyo.

Najua habari ya nauli, na habari ya kusubiri pamba ipimwe ndipo mzee apelekwe. Ng'ombe anauzwa mnadani kwa bei ya aliye na shida. Lakini hesabu ya kusubiri msimu ina gharama zake, na hizo hulipwa wodini: siku za kulazwa, dawa za usaha, chupa za damu.

Pale kwenye benchi, daktari alitoka na karatasi akasema damu ya mzee ni kidogo, zinahitajika chupa mbili kabla ya yote. Kijana akaanza kupiga simu nyumbani kutafuta watu. Shemeji, yule aliyeona mapema akaogopa kusema, akasimama, akakunja mkono wa shati, akauliza maabara iko upande gani.