Mtikisiko wa Masoko ya Hisa Unavyotufikia

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya kamati za parokia, Ntalikwa, Tabora)



Tumeombwa tueleze jambo ambalo wengi huliona liko mbali nasi: kwa nini soko la hisa la nchi moja likianguka, masoko ya nchi nyingine nayo huyumba, na jambo hilo linaihusu vipi kamati yenye zahanati ya kumalizia au darasa la kuezeka.

Tuanze na historia ya hapa kwetu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora. Biashara ya njia hiyo ililipwa sana kwa nguo, na nguo iliyopendwa iliitwa merikani kwa sababu ilitoka Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko mwaka 1861, merikani ikaadimika Unguja na bei yake ikapanda. Mpagazi wa Kinyamwezi hakuwa na habari ya vita vile, lakini viligusa nguo aliyotegemea kulipwa.

Masoko ya hisa nayo hufungamana hivyo hivyo, ila kwa kasi kubwa zaidi. Njia za kuambukizana ni tatu. Kwanza, mwenye fedha ni yule yule. Mfuko wa uwekezaji wa London unaweza kuwa na hisa New York na Nairobi kwa wakati mmoja. Ukipata hasara New York na wateja wake wakadai fedha zao, utauza kile kinachouzika, hata kama kampuni ya Nairobi haina kosa lolote. Pili, kampuni moja huweza kuorodheshwa katika masoko kadhaa. Kenya Airways na East African Breweries ziliorodheshwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, hivyo bei ikishuka Nairobi, habari hiyo hufika Kampala na Dar. Tatu, hofu: watu huuza kwa sababu wameona wengine wanauza.

Tuliyaona hayo mwaka 2008. Benki ya Lehman Brothers ya Marekani ilifilisika tarehe 15 Septemba mwaka huo. Soko la Nairobi lilikuwa tayari limejeruhiwa na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na sasa wageni wakauza hisa zao. Kipimo cha bei za hisa 20 za Nairobi, kilichoanza mwaka kikiwa juu kidogo ya 5,400, kiliumaliza kikiwa karibu 3,500. Hisa za Safaricom, ambazo wananchi wa kawaida walizinunua kwa shilingi 5 za Kenya, wengine kwa fedha za mkopo, zilishuka chini ya shilingi 3 mwanzoni mwa mwaka 2009.

Dar es Salaam haikutikisika kiasi hicho. Benki ya NMB iliingia sokoni Novemba 2008, katikati ya mtikisiko, na CRDB ikafuata Juni 2009. Sababu moja ni kwamba mlango wetu ulikuwa mwembamba: wageni hawakuruhusiwa kumiliki zaidi ya asilimia 60 ya hisa za kampuni iliyoorodheshwa, na soko lenyewe lilikuwa dogo. Lakini mlango mwembamba una gharama yake. Mwenye hisa akitaka kuuza haraka, wanunuzi huwa wachache. Kikomo hicho kiliondolewa mwaka 2014, kwa hiyo tusitegemee kinga ile ile mtikisiko mwingine ukija.

Je, Tabora ilipona kwa kuwa Dar ilipona? Hapana. Mtikisiko ulitufikia kwa njia ya shamba. Bei ya pamba katika soko la dunia ilikuwa karibu senti 80 za dola kwa ratili mwezi Machi 2008, na kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa chini ya senti 60. Wanunuzi waliokuwa wamekopa benki ili kununua pamba, wakashindwa kurejesha. Juni 2009 Rais Kikwete alitangaza mjini Dodoma mpango wa kunusuru uchumi wa karibu shilingi trilioni 1.7, na sehemu yake ilikuwa kufidia hasara za walionunua mazao kwa mkopo. Mkulima wa pamba wa Igunga au Nzega ambaye hajawahi kuona cheti cha hisa alikuwa ndani ya habari hiyo.

Njia nyingine ni ufadhili. Mashirika mengi yanayotusaidia huweka akiba zao katika hisa na dhamana. Ujerumani, kodi ya kanisa huhesabiwa kutokana na kodi ya mapato, hivyo watu wakipoteza kazi, mapato ya kanisa nayo hupungua. Mfadhili anaweza kuwa na moyo ule ule na mkono uliopungua. Ndugu wafadhili, tunaomba mtuambie mapema mambo yanapowabana, kwa sababu ukuta ulioachwa bila paa hubomolewa na mvua za msimu mmoja.

Nanyi wanakamati, tunawashauri mambo matatu. Fedha itakayohitajika ndani ya mwaka mmoja isiwekwe kwenye hisa, bali ikae benki. Kamati iliyonunua hisa kwa ajili ya miaka mingi isikimbilie kuuza kwa sababu ya taarifa ya redio. Iulize kwanza ni soko gani limeshuka. Soko la Dar hutangaza kipimo cha kampuni zote na kingine cha kampuni za ndani tu, na kipimo cha kwanza huweza kushuka kwa sababu ya Nairobi peke yake. Mwisho, kazi isianzwe kwa ahadi ya mfadhili mmoja, wala kwa tegemeo la zao moja. Mchango wa waumini, hata uwe mdogo, ndio fedha isiyopitia New York, nao utoshe walau kufikisha jengo kwenye hatua ambayo mvua haitaliharibu.

Tunaomba kila kamati ipitie hesabu zake kwa macho hayo kabla ya kikao kijacho.