Jozi za Elektroni na Umbo la Molekuli: Tuanze Kufundishia Wapi?

(Mada kwa warsha ya walimu wa kemia wa kidato cha tano na cha sita)

1. Utangulizi



Mwulize mwanafunzi wa kidato cha tano umbo la molekuli ya maji, atakujibu bila kusita kuwa ni la herufi V. Mwulize la kaboni dioksidi, atasema ni mstari mnyoofu. Kisha mwulize kwa nini molekuli hizi, kila moja ikiwa na atomu tatu tu, zimetofautiana kiasi hicho. Hapo darasa zima hunyamaza. Majina ya maumbo wameyakariri, ila sababu yake hawaijui.

Hoja ya mada hii ni moja: umbo la molekuli huamuliwa na jozi zote za elektroni zinazoizunguka atomu ya katikati, zikiwemo zile ambazo hazikuunganisha atomu yoyote. Mwanafunzi akijua kuzihesabu jozi hizo, maumbo atayapata mwenyewe.

2. Chimbuko la nadharia

Mwaka 1916 Gilbert Lewis wa Marekani alieleza kuwa bondi kati ya atomu mbili ni jozi ya elektroni ambayo atomu hizo zinaichangia. Michoro yake ya nukta tunaichora ubaoni hadi leo. Hata hivyo ni michoro bapa, wala haisemi lolote kuhusu pembe.

Mwaka 1940 Nevil Sidgwick na Herbert Powell wa Oxford waliyapitia maumbo yaliyokuwa yamekwisha kupimwa, wakaona yanafuatana na idadi ya jozi za elektroni kwenye ganda la nje la atomu ya katikati. Mwaka 1957 Ronald Gillespie na Ronald Nyholm, wakiwa University College London, waliliendeleza wazo hilo kwa kuonyesha kwamba jozi hazisukumani kwa nguvu sawa. Jozi pweke, yaani ile isiyounganisha atomu mbili, husukuma zaidi kuliko jozi ya bondi.

Tukiulizwa kwa nini jozi zinakimbiana, wengi wetu hujibu kuwa ni kwa sababu zote zina chaji hasi. Jibu hilo ni kweli, ila halitoshi. Gillespie mwenyewe alisisitiza kanuni ya Wolfgang Pauli ya mwaka 1925: elektroni zenye spini sawa haziwezi kukaa mahali pamoja. Kwa hiyo kila jozi hujitengea eneo lake, na jozi nyingine hulazimika kukaa mbali nayo kadiri nafasi inavyoruhusu.

3. Kutoka hesabu hadi pembe

Jozi mbili hukaa pande mbili zinazotazamana, nyuzi 180. Tatu hujipanga kwenye bapa moja kwa nyuzi 120, kama katika boroni trifloridi. Nne huelekea kwenye kona za tetrahedroni, nyuzi 109.5. Sita huelekea kwenye kona za oktahedroni, nyuzi 90, kama katika salfa heksafloridi.

Jambo hili linaonyeshwa darasani kwa maputo. Jaza upepo maputo manne yanayolingana, yafunge pamoja shingoni, kisha yabane mezani hadi yalale kama msalaba. Ukiyaachia, moja linainuka na mengine yanashuka, na yote yanarudi kwenye tetrahedroni. Mwanafunzi anajionea kuwa msalaba ule, ambao ndio umbo analoichorea methani daftarini, si mpangilio unaoacha nafasi kubwa zaidi.

Sasa tulinganishe molekuli tatu ambazo kila moja ina jozi nne kwenye atomu ya katikati. Methani haina jozi pweke, na pembe yake ni nyuzi 109.5 kamili. Amonia ina moja, na pembe imeshuka hadi kama 107. Maji yana mbili, na pembe imeshuka hadi 104.5. Jozi ya bondi huvutwa na viini viwili, hivyo hujinyoosha katikati yake. Jozi pweke inashikwa na kiini kimoja tu. Hutanuka karibu nacho na kuzibana jozi za bondi.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Mpangilio wa jozi katika amonia ni tetrahedroni, lakini umbo la molekuli tunaliita piramidi, kwa sababu jina hufuata mahali atomu zilipo. Mpangilio na umbo ni vitu viwili, na kila kimoja kinastahili mstari wake katika jibu la mtihani.

Naomba tuingize darasani mfano mwingine ambao hautumiki sana. Chukua atomu moja ya naitrojeni na oksijeni mbili, kisha badili idadi ya elektroni tu. Ioni chanya, NO₂⁺, haina elektroni pweke juu ya naitrojeni, na pembe yake ni nyuzi 180. Molekuli ya NO₂ ina elektroni moja pweke, na pembe ni takribani 134. Ioni hasi ya naitraiti, NO₂⁻, ina jozi pweke kamili, na pembe inafika takribani 115. Atomu ni zilezile. Kilichoikunja molekuli ni elektroni mbili zilizoongezwa. Mfano huu unafundisha pia kuwa bondi maradufu huhesabiwa kama eneo moja, na ndiyo maana kaboni dioksidi, yenye maeneo mawili tu, imenyooka.

4. Pale jozi zinapokuwa tano

Tuchukue klorini trifloridi, ClF₃. Kwa kuwa ina florini tatu, mwanafunzi hukimbilia kusema ni pembetatu bapa. Tuhesabu: klorini ina elektroni saba za nje, kila florini inachangia moja, jumla kumi, yaani jozi tano. Tatu ni za bondi, mbili ni pweke.

Jozi tano hukaa tatu kwenye ikweta na mbili kwenye ncha. Jozi iliyo nchani ina majirani watatu walio nyuzi 90 kutoka kwake. Iliyo kwenye ikweta inao wawili tu. Jozi pweke, kwa kuwa zinahitaji nafasi zaidi, hukaa kwenye ikweta. Florini zinabaki moja ikweta na mbili nchani, na molekuli inapata umbo la herufi T. Pembe iliyopimwa ni nyuzi 87.5, pungufu kidogo ya 90, kwa msukumo wa jozi pweke zile mbili.

5. Mipaka ya nadharia

Hidrojeni salfaidi ina jozi nne kama maji, lakini pembe yake ni nyuzi 92. Nadharia inatuambia pembe itakuwa chini ya 109.5, haituambii ni kwa kiasi gani. Metali za mpito nazo zinaipa shida. Ioni ya nikeli yenye kloridi nne, NiCl₄²⁻, ni tetrahedroni, ilhali ile ya platinamu, PtCl₄²⁻, ni mraba bapa. Huko elektroni za ganda la d zina kauli yake. Mwanafunzi aelezwe mapema kuwa anatumia kielelezo, na kwamba kinatumika vizuri zaidi kwa elementi za makundi makuu.

6. Mapendekezo

Kwanza, tuache kuanza na jedwali la majina ya maumbo. Tuanze na hesabu ya elektroni, kisha mpangilio wa jozi, kisha umbo, na mwisho jina.

Pili, tulifungamanishe umbo na tabia. Maji yana ncha moja yenye chaji hasi kidogo na nyingine chanya kidogo kwa sababu yamepinda. Kama molekuli yake ingenyooka, mivuto ya pande mbili ingefutana kama inavyofutana katika kaboni dioksidi, na maji yasingeyeyusha chumvi kama yanavyoyeyusha.

Tatu, maswali yetu ya majaribio yasiishie kwenye "taja umbo". Tumpe mwanafunzi NO₂⁺, NO₂ na NO₂⁻, tumtake azipange kwa ukubwa wa pembe na atoe sababu. Aliyekariri majina tu atakwama, na sisi tutajua ni wapi pa kurudia somo.