Hekalu Lililoajiri Waimbaji: Jiwe na Sauti mjini Thanjavur



Naomba tuanzie ukutani. Mjini Thanjavur, jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, lipo hekalu la Shiva lililokamilishwa mwaka 1010 na mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola. Mnara wake wa mawe ya graniti unapita mita 60. Mgeni akifika huinua shingo na kushangaa, na ana haki ya kushangaa. Lakini leo nawaomba mtazame chini, kwenye msingi, mahali ambapo mkono unafika. Hapo kuna maandishi ya Kitamil, mstari juu ya mstari, yaliyochongwa kulizunguka jengo. Mfalme aliamuru kwamba kila kilichotolewa na yeye, dada yake, wake zake na watu wengine kiandikwe katika jiwe. Vikaandikwa vyombo vya dhahabu, vito, taa na mashamba. Kisha wakaandikwa watu.

Orodha hiyo ina wanawake 400, wachezaji wa hekaluni, waliohamishwa kutoka mahekalu mengine ya nchi ya Chola na kupewa makazi kando ya hekalu jipya. Kila mmoja ametajwa kwa jina lake, hekalu alikotoka, mtaa anaokaa, upande wa mtaa, na nyumba yake ni ya ngapi. Kila mmoja alitengewa fungu la ardhi la kumpatia kalam 100 za mpunga kwa mwaka. Kalam ni pishi kubwa la Watamil wa zama hizo. Baada yao wanafuata walimu wa uchezaji, waimbaji, wapiga zumari na wapiga ngoma, kisha wabeba miavuli, wawasha taa, wafinyanzi, madobi, vinyozi na wahasibu.

Maandishi mengine ya hapo hapo yanahusu watu 50: waimbaji 48 wa nyimbo takatifu za Kitamil, na wapiga ngoma wawili wa kuwafuatisha. Posho yao ilipimwa kwa mpunga, kila siku. Kikaongezwa kifungu ambacho nilipokisoma mara ya kwanza nilirudi kukisoma tena. Mmoja akifa au akihamia kwingine, ndugu yake wa karibu ashike nafasi. Ndugu huyo akiwa hana ujuzi, atafutwe mwingine anayefaa. Yaani undugu ulitangulizwa, lakini haukutosha. Sauti ilikuwa kazi yenye sifa zake, na jiwe linasema hivyo.

Vyuoni mwetu tumezoea kuyapeleka majengo idara moja na muziki idara nyingine. Ukuta wa Thanjavur haukubali mgawanyo huo. Hekalu lilijengwa likiwa na waimbaji katika bajeti yake, kama lilivyokuwa na mafuta ya taa.

Na umbo la jengo lenyewe? Hapa nitakwenda polepole kidogo. Chini ya mnara kuna chumba ambacho Wahindu hukiita garbhagriha, nyumba ya tumbo la uzazi. Ni chumba chenye giza, bila madirisha, na ndani yake limesimama linga, alama ya Shiva. Juu ya chumba hicho mnara unapanda ghorofa kwa ghorofa, 13 kwa jumla. Katika kila ghorofa vimepangwa vibanda vidogo vya mawe, ambavyo kila kimoja ni hekalu dogo. Ghorofa inayofuata inavirudia, vikiwa vimesogezwa ndani kidogo. Jicho linapanda likikutana na kitu kile kile, na kila mara kimekaa mahali pengine.

Sasa msikilizeni mwimbaji wa muziki wa asili wa kusini mwa India anapofungua raga, yaani mpangilio wa noti anaoufuata katika uimbaji. Nyuma yake tambura, ala ya nyuzi nne, inashika noti ya msingi iitwayo Sa, na haiachi mpaka mwisho. Mwimbaji anaanza bila ngoma, na bila maneno ya wimbo. Anaizunguka Sa, anagusa noti ya jirani, anarudi. Anapanda noti moja zaidi, anakirudia kile kipande cha kwanza akiwa juu yake, anarudi tena. Dakika nyingi zinaweza kupita kabla hajaifikia Sa ya juu. Mashabiki wenye masikio mazuri hupumua pamoja naye anapofika.

Sisemi kwamba wajenzi wa Rajaraja walichora noti kwa mawe. Ninachosema ni kwamba kazi ya fundi na kazi ya mwimbaji naziona zikifuata kanuni moja: shika sehemu moja isiyohama, kisha kuza kila kitu kutoka hapo kwa kurudia na kugeuza. Aliyekaa na tambura kwa saa moja ataliona lile hekalu tofauti na aliyelitazama kwa kamera.

Ndani ya mnara huo, ghorofani, katika ujia ulio kati ya kuta mbili, Shiva mwenyewe amechongwa akicheza. Kitabu cha kale cha Natya Shastra kinataja mikao 108 ya uchezaji, inayoitwa karana. Thanjavur zimechongwa 81. Mawe ya zile 27 zilizobaki yapo, yamewekwa mahali pake, na hayana kitu. Nyundo na patasi viliishia hapo.

Wengi mmesikia habari za nguzo zinazolia za hekalu la Vittala, la karne ya 16, huko Hampi, kusini mwa India. Ukizigonga zinatoa sauti za noti. Ni kazi ya mikono ya ajabu, na zimegongwa na watalii hadi ikabidi zilindwe. Lakini nguzo hizo hazitatuambia nani aliimba, alikula nini, alikaa nyumba ipi. Kwa hayo narudi Thanjavur.

Wachezaji wa mahekalu, kama wale wanawake 400, hawakubaki na heshima yao siku zote. Kufikia karne ya 20, desturi ya kuwaweka wasichana wakfu hekaluni ilikuwa imechanganyika na dhuluma, na daktari Muthulakshmi Reddy alipigana nayo miaka mingi mpaka sheria ya jimbo la Madras ya mwaka 1947 ikaipiga marufuku. Alikuwa sahihi. Hata hivyo familia zilizoutunza uchezaji huo kwa vizazi zilisukumwa pembeni, huku wasichana wa tabaka jingine wakipanda jukwaani na sanaa ile ile. Mchezaji Balasaraswati, aliyezaliwa mwaka 1918 katika ukoo uliotoka kwenye kasri la Thanjavur, aliendelea kuicheza na kuifundisha hadi alipofariki mwaka 1984.

Muziki wa mji huo hauko mbali nasi. Hadi leo mafundi wa Thanjavur huchonga vina, ala kubwa ya nyuzi, kwa mti wa mfenesi, mti ule ule tunaoujua Unguja. Na masikio ya pwani yetu si mageni kwa India: taarabu ya Mombasa imebeba tabla, kinanda cha mkono, na mahadhi ya filamu za Kihindi ambayo mwimbaji Juma Bhalo aliyavika Kiswahili.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa wanafunzi. Mkienda kuandika habari za kikundi cha taarabu au cha ngoma, msirudi na jina la mwimbaji peke yake. Mwandikeni mpiga tabla, mpiga zumari, na yule anayepasha ngoma moto. Andikeni anaishi mtaa gani, nani alimfundisha, na analipwa nini.