Kadi au Programu: Hukumu ya 1989 Inayoendelea Kutekelezwa

Nyaraka za zabuni za seva za kuhifadhia data hupishana kwa mengi, lakini sharti moja halikosekani: seva iwe na kadi ya RAID. Aliyeandika sharti hilo akiulizwa sababu, hujibu kwamba RAID ya programu ni ya maabara za wanafunzi na ya wanaobana matumizi. Kazi ya kweli hutaka kadi yenye prosesa yake. Jibu hilo ndilo lililouchokoza mhadhara huu.

Hadhira ya leo haihitaji kuelezwa RAID 5 inatofautianaje na RAID 6. Kinachobishaniwa ni nani aifanye kazi: kadi iliyochomekwa kwenye seva, au mfumo endeshi kwa kutumia prosesa iliyopo.

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwasilisha jijini Chicago makala ambayo mhadhiri huwapa wanafunzi wake kabla ya kitabu chochote. Ni makala fupi, na ina utundu mwingi. Inaichukua diski kubwa ya IBM 3380, yenye megabaiti 7,500, na kuiweka kando ya diski ndogo ya kompyuta za mezani yenye megabaiti 100, kisha inauliza: kwa nini zisifungwe ndogo 75 mahali pa kubwa moja? Hapo waandishi wanajigeuka wenyewe. Diski moja ikitarajiwa kudumu saa 30,000, zikiwa 100 pamoja hitilafu ya kwanza itatarajiwa baada ya saa 300, yaani wiki mbili hazijatimia. Hesabu ya mstari mmoja inaliua wazo lao mbele ya msomaji, na kurasa zinazobaki zinalifufua kwa diski za ziada. Wachache katika sayansi ya kompyuta wameandika kwa ujasiri huo.

Kilichofuata hakisimuliwi sana, nacho ndicho kiini cha kesi hii. Mwaka 1989 Berkeley walijenga mashine yao ya kwanza, RAID-I: kompyuta ya Sun 4/280, kumbukumbu ya megabaiti 128, diski 28, na programu maalumu ya kutawanya data juu ya diski hizo. Programu! Kadi ambayo leo inaitwa RAID halisi haikuwamo katika mashine ya kwanza ya waliolitunga jina lenyewe. Kasi yake, hata hivyo, ilitia aibu. Ilimfikishia mtumiaji megabaiti 2.3 kwa sekunde, ilhali diski moja peke yake ilitoa 1.3. Diski 28 zilishindwa kufikia kasi ya diski mbili. Njia za kumbukumbu za Sun zilikuwa finyu, na kuinakili data huku na huko kulizijaza. Kwa hiyo RAID-II ikajengewa ubao maalumu wenye chombo chake cha kukokotoa pariti.

Sharti la zabuni, basi, ni hukumu iliyotolewa dhidi ya Sun 4/280. Mshtakiwa amekwisha kuondoka. Linux inapowaka hujipima yenyewe kasi ya kukokotoa pariti ya RAID 6 na kuandika matokeo yake. Kwenye prosesa za kawaida za leo, husomeka kwa maelfu ya megabaiti kwa sekunde. Diski ya kuzunguka kwa kawaida haivuki 300. Anayenunua prosesa ya pili ili kuipunguzia ya kwanza mzigo huo ananunua dawa ya ugonjwa uliopona.

Hoja nyingine ya watetezi wa kadi, ya umeme, ina uzito zaidi. Umeme ukikatika data ikiwa imeandikwa na pariti bado, safu ya diski hubaki na mambo yasiyolingana. Kadi nzuri huweka data inayosubiri kuandikwa katika kumbukumbu inayolindwa na betri, na pale umeme unapokatika bila taarifa, huo si ubora wa kubezwa. Lakini betri huzeeka, na ikichoka kadi nyingi huacha kuitumia kumbukumbu hiyo kwa kuandikia. Kasi hushuka ghafla na fundi huanza kulaumu mtandao. ZFS, mfumo wa mafaili ulioanzwa na Jeff Bonwick na Matthew Ahrens ndani ya Sun mwaka 2001, haihitaji betri ili kubaki salama: haiandiki juu ya data iliyopo, bali huandika pembeni kisha huhamisha kielekezi.

Mhadhiri aliwahi kuitwa na taasisi moja ya Dar es Salaam ambayo seva yake ilikuwa imezimika. Diski zote zilikuwa nzima. Kilichoungua ni kadi. Aina ile haikutengenezwa tena, na kadi ya kampuni nyingine haikuuelewa mpangilio wa diski. Wahasibu wakakaa wakingoja kadi iliyotumika itoke Dubai. Kwa mdadm, programu iliyoandikwa na Neil Brown, maelezo ya safu hukaa juu ya diski zenyewe, na seva yoyote yenye Linux huiunganisha safu kwa amri moja.

Hata hivyo mdadm nayo ina upofu wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofuatilia diski milioni 1.53 kwa miezi 41, ulikuta matukio zaidi ya 400,000 ya data kutolingana na namba yake ya uhakiki. RAID ya kawaida, iwe ya kadi au ya Linux, humjua aliyekufa. Hamjui anayesema uongo. ZFS huhifadhi namba ya uhakiki ya kila bloku, lakini ni lazima izione diski zenyewe. Kadi inayozificha nyuma ya diski moja ya kubuni huizuia kurekebisha makosa inayoyagundua.

Wapo wasio na hiari. ESXi ya VMware haitoi RAID ya programu kwa diski za ndani za seva moja, na anayeitumia hivyo atanunua kadi. Anunue mbili za aina moja, ya pili ikae kabatini, na bei yake iandikwe kwenye zabuni ileile.