Usiuvue Mti Nguo Zote

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Mkoani, Pemba)

Leo sikuja kukuhubirini. Nimekuja kukiri kosa.

Nilipokuwa na miaka 12, bibi alinituma nikamchukulie gome la mti wa dawa nyuma ya shamba letu la mikarafuu. Akaniambia, "Mwanangu, toa kidogo, upande mmoja tu." Mimi na uvivu wangu nikaona, ya nini kurudi tena kesho? Nikalibandua gome kuzunguka shina zima, kikapu kikajaa. Bibi alipoona alinyamaza. Baada ya miezi kadhaa mti ule ukakauka, na pale ulikuwa mmoja tu.

Mnajua kwa nini ulikufa? Majani ndiyo jiko la mti. Chakula chake hushuka kwenye mizizi kwa kupitia sehemu ya ndani ya gome. Ukibandua duara zima, mizizi inakufa njaa. Bibi hakusoma bayolojia, lakini hilo alilijua!

Zamani misitu ilienea sana Pemba. Tukaifyeka, tukapanda mikarafuu, hasa baada ya kimbunga cha 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja. Sizilaumu karafuu, maana ndizo zilizonisomesha. Lakini msitu mkubwa uliobaki ni Ngezi, wilaya ya Micheweni, kiasi cha hekta 1,440, uliohifadhiwa tangu 1959. Humo umo mpapindi, mti wa jamii ya mnazi, ambao asili yake ni Pemba peke yake. Ukitoweka hapa, umetoweka kwenye misitu yote ya dunia.

Je, tukishaharibu ndiyo basi? Hapana. Mtazameni popo wetu mkubwa, ambaye naye ni wa Pemba tu. Aliwindwa kwa nyama, na miti anayolala ikakatwa. Mwaka 1989 walionekana wachache mno. Wanavijiji, kama wale wa Kidike, wakaamua kumlinda, na kufikia 2008 walikadiriwa kupita 20,000. Popo anakula matunda na kuzidondosha mbegu mbali. Yeye anapanda miti bila ya kulipwa!

Na nyinyi vijana mfanye nini?

1. Mkitumwa dawa ya mti, chukueni kidogo, upande mmoja, na msing'oe mzizi mkuu.

2. Waulizeni wazee majina ya miti, myaandike. Mzee akiondoka, huondoka nayo.

3. Oteshanisheni miche ya miti ya asili skuli na nyumbani.

4. Popo msimuwinde wala msimshike. Tunda aliloling'ata msilile.

Jambo la mwisho. Mtu akipata homa, msingojee dawa ya gome. Mpelekeni hospitali akapimwe malaria. Kuupenda msitu si kuikataa hospitali.

Bibi yangu ameshafariki, Mungu amrehemu. Pale nilipouua mti wake nimepanda mwengine. Sasa umenipita kimo, na sijaugusa gome lake.

Wabillahi tawfiq.