Begi la Mgongoni kwa Mzigo wa Kamba na Vyuma: Namna ya Kulichagua Kariakoo

(Matini ya mazungumzo na watumiaji wa bidhaa, Mnazi Mmoja, Dar es Salaam)



Nimeombwa nizungumzie begi la mgongoni, ambalo wazee wetu na askari huliita shanta. Sikusudii begi la mwanafunzi wala la msafiri wa sikukuu. Nakusudia lile linalobeba vifaa vya kukwea miamba: kamba, karabina, mkanda wa mwili unaovaliwa kiunoni na mapajani, kofia ngumu, viatu na maji ya kunywa. Huenda baadhi yenu mnajiuliza jambo hili lamhusu nani katika mji usio na mwamba mrefu kuliko maghorofa ya Posta. Lawahusu vijana wanaosafiri kwenda Hell's Gate na Lukenya, nchini Kenya, kujifunza kukwea. Lawahusu waongozaji na wapagazi wa Kilimanjaro. Lawahusu pia mafundi wanaopanda minara ya simu, na wale wanaoosha vioo vya maghorofa yetu wakiwa wananing'inia kwenye kamba. Mizigo yao inafanana, na hapa Dar es Salaam begi lake aghalabu hutafutwa Kariakoo.

Nako Kariakoo kulizaliwa na mzigo. Jina lenyewe latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao kambi yao ilikuwa pale baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Leo makontena yanayoshushwa bandarini huleta mabegi ya kila rangi, yakatundikwa kuanzia Mtaa wa Kongo hadi vichochoro vinavyouzunguka. Mnunuzi husimama mbele ya ukuta mzima wa mabegi, muuzaji akimhakikishia kwamba yote ni orijino.

Kabla ya kuutazama ukuta huo, ujue kwanza utakachobeba. Kamba ya kukwelea yenye urefu wa mita 60 ina uzito wa takribani kilo 3.5 hadi 4. Karabina na vitanzi vyake huongeza kilo moja na nusu au mbili. Ukijumlisha mkanda wa mwili, kofia, viatu, chakula na lita 2 za maji, unafika kilo 10 hadi 12. Kwa mzigo huo begi la lita 40 hadi 50 latosha. Begi kubwa kupita kiasi hujazwa kwa sababu tu lina nafasi, na mgongo ndio hulipa.

Lakini hizo lita zisisomwe kwenye lebo. Nenda na futi ya fundi cherehani. Pima urefu, upana na kina cha begi kwa sentimita, zidisha namba hizo tatu, kisha gawanya kwa 1,000. Begi lenye sentimita 50 kwa 30 kwa 20 lina ujazo wa lita 30, hata kama limeshonewa maandishi ya lita 70 kwa uzi wa dhahabu. Hesabu hii haiwi kamili kwa begi lenye pembe za mviringo, lakini tofauti ya lita 30 na 70 haitokani na mviringo wa pembe.

Sasa niingie katika jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita haraka: uzito utakaa wapi mwilini? Begi zuri la mzigo mzito huuhamisha uzito mwingi kutoka mabegani hadi kwenye nyonga, na kinachofanya kazi hiyo ni mkanda wa kiunoni. Mabegi mengi yanayouzwa kama ya mlimani yana kitu kinachofanana na mkanda huo, lakini ni utepe mwembamba tu. Utepe huzuia begi lisiyumbe, hauwezi kubeba kitu. Mkanda wa kweli ni mpana kama kiganja, una sponji ngumu ndani yake, na umeunganishwa na sehemu ngumu ya mgongo wa begi, iwe ni fremu ya alumini au bamba la plastiki. Bonyeza mgongo wa begi kwa mikono miwili. Ukijikunja kama gunia tupu, hakuna kitakachoupeleka uzito kwenye nyonga, hata mkanda ukiwa mzuri namna gani.

Urefu wa mgongo nao ni suala la kipimo, wala haulingani na urefu wa mtu. Inamisha kichwa upapase mfupa uliochomoza chini ya shingo. Mtu mwingine apime kutoka hapo hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Kipimo hicho ndicho kilinganishwe na umbali kati ya mashina ya mikanda ya mabegani na mkanda wa kiunoni. Kina mama, ambao mara nyingi huuziwa begi la kiume kwa hoja kwamba begi ni begi, wasione haya kulikataa likiwa refu. Mkanda unaoangukia kwenye makalio hauwezi kusaidia, utatelemka tu.

Kisha lijaribu likiwa na mzigo. Begi tupu ni jepesi na raha kwa kila mtu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo chupa 8 za lita moja na nusu ni kilo 12, na katika Kariakoo hakuna duka lisilo na jirani anayeuza maji. Omba kwa adabu, ziweke ndani, funga mkanda wa kiunoni kwanza na wa mabegani baadaye, kisha tembea kwa dakika 10 na upande ngazi ukizipata. Muuzaji akikataa jaribio hilo, nenda duka la pili. Waliopanda Kilimanjaro wanafahamu kwamba mizigo ya wapagazi hupimwa kwenye mizani getini na kikomo chake ni kilo 20. Wewe huna mtu wa kukupimia getini, basi jipimie dukani.

Baada ya hapo ligeuze begi nje ndani. Tazama mahali mikanda ya mabegani inapoungana na mwili wa begi, kwa kuwa aghalabu hapo ndipo huchanika. Mkanda uingie ndani ya mshono, usiwe umebandikwa juu ya kitambaa. Mshono uwe wa kisanduku chenye msalaba katikati, au angalau uwe na mistari kadhaa ya uzi uliokazwa, isiyoruka. Vuta kwa nguvu. Ukiona matundu ya sindano yanafunguka, begi hilo halijafika safari na tayari limechoka. Alama kama 420D au 600D huonyesha unene wa uzi, yaani gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000. Haisemi lolote kuhusu aliyeushona. Zipu ivutwe mara kadhaa, hasa kwenye kona. Ningependelea begi linalofungwa juu kwa kamba na kifuniko, maana zipu ikikatika njiani huna la kufanya.

Kuna hila moja isiyo ya mtu, ni ya jua. Begi lililotundikwa nje ya duka kwa miezi hupigwa na jua la Dar es Salaam kutwa nzima, na jua huidhoofisha nailoni. Inua kifuniko cha mfuko, linganisha rangi ya kilichofichika na ya kilicho wazi. Tofauti ikiwa kubwa, omba lililo ndani ya boksi.

Wengi mtauliza habari za mitumba. Nami nasema wazi: shanta la mtumba lililotengenezwa vizuri mara nyingi hulishinda jipya lililoshonwa kwa haraka, na mwenye subira anayepekua marobota ya Karume anaweza kupata begi la miaka mingi. Lakini ruhusa hiyo ni ya begi peke yake. Kamba na mkanda wa mwili visinunuliwe mtumba kamwe, kwa kuwa huwezi kujua vilianguka mara ngapi wala vilihifadhiwa wapi. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka 10 kwa vifaa vya nyuzi hata visipotumika. Kamba mpya ya kukwelea yapaswa kuwa na alama ya kiwango EN 892, na mkanda wa mwili EN 12277. Begi halina alama ya namna hiyo, ndiyo maana macho na mikono yako vina kazi kubwa zaidi.

Hata begi la mtumba lina hatari moja ambayo inaweza kumuua mtu, nanyi mniwie radhi nikikaa hapo kidogo. Betri ya gari ina asidi. Asidi hiyo, na hata dawa ya kuondoa madoa ya nguo, huila nailoni, na kamba iliyoguswa nayo inaweza kupoteza nguvu bila kuonyesha alama yoyote. Haibadiliki rangi wala haichanui nyuzi, nawe unaifunga na kuning'inia. Huwezi kujua begi hilo lilibeba nini lilikotoka, pengine zana za gereji. Kwa hiyo linuse ndani. Tafuta madoa, mabaka yaliyopauka, au kitambaa kilichokakamaa chini ya begi. Ukiwa na shaka yoyote, litumie kubebea nguo. Lisipokuwa na dosari, lioshe kwa maji na sabuni laini, likung'ute mchanga wote, kisha kamba uiweke katika mfuko wake wa kitambaa kabla ya kuitia begini. Hata begi jipya lisisafirishwe kwenye buti la gari pamoja na betri, na usimwachie kondakta alipange mahali usipopaona.

Mafundi wetu wa Kariakoo wanaweza kuimarisha mikanda ya begi vizuri kabisa, mradi watumie uzi wa nailoni au poliesta na si wa pamba. Kazi yao iishie kwenye begi. Mkanda wa mwili uliochanika haushonwi, hukatwakatwa ili mwingine asiuokote akautumia.

Limebaki suala la malipo. Mweleze muuzaji kwa sauti, mbele ya mwenzako, kazi unayoikusudia na uzito utakaobeba. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamlinda mnunuzi aliyemjulisha muuzaji matumizi yake na kuutegemea ujuzi wake, ila ulinzi huo huwa mgumu kuuthibitisha pasipo maandishi. Kwa hiyo dai risiti ya mashine, nayo ni wajibu wako pia wala si hisani ya muuzaji, na omba jina na ujazo wa begi viandikwe badala ya neno "bidhaa". Lebo ikidai lisilo kweli, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Nenda na begi lenyewe, risiti, na picha ya lebo uliyoipiga siku ya kununua, kabla lebo haijang'oka.