Kitambaa Kimoja Kisiuzwe

(Mazungumzo na vikundi vya akina mama katika ukumbi wa parokia)

Akina mama, na ninyi akina baba watatu mliojificha pale karibu na mlango, asanteni kwa kuja. Nimeombwa niongee juu ya mawazo mengi na namna ya kuyapunguza. Sikuja na vitabu. Nimekuja na kikapu hiki cha nyuzi, maana nataka tuongee juu ya kroshia, ile kazi ambayo wengi wetu huita tu kushona vitambaa.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitembelea kikundi cha akina mama waliokutana kila Alhamisi alasiri chini ya mwembe. Walifuma vitambaa vya makochi na kofia za watoto huku wakiongea. Mmoja alikuwa amefiwa na mume karibuni. Mwingine, kijana wake alikuwa rumande. Hakuna aliyewapa ushauri. Walifuma tu, na baada ya saa mbili wakaenda kupika.

Mimi na diploma yangu nikaona pale pana mradi. Nikaleta daftari. Kila mama vitambaa sita kwa mwezi, saizi moja, rangi anazotaka mnunuzi, na anayechelewa anaandikwa. Miezi mitatu ya kwanza tulipata pesa kidogo. Kufikia mwezi wa tano walibaki wanne. Nikaenda kwa nyanya mmoja kumwuliza mbona haji siku hizi. Akaniambia, "Mwanangu, nilikuwa nakuja kupumzika. Sasa hata pale nina deni."

Sikupata la kujibu. Nilikunywa chai yangu nikaenda.

Sisemi msiuze. Karo hailipwi kwa kupumzika, na sote twajua vyondo vya Ukambani vimesomesha watoto. Lakini kuna kitu ndani ya kazi hii ambacho daftari hukiua, nami nataka mkijue kabla hamjakipoteza.

Mtu mwenye mawazo, akili yake huzunguka pale pale kama ng'ombe aliyefungwa kwa kamba. Sasa mpe sindano. Anahesabu: vitatu, ruka kimoja, vitatu tena. Akili inayohesabu vitanzi haipati nafasi ya kuhesabu madeni wakati ule ule. Mikono inarudia jambo moja, pumzi inashuka taratibu, mabega nayo yanalegea. Na ukikosea, unavuta uzi, kazi inafumuka mpaka pale ulipokosea, na uzi ni ule ule, haujaharibika. Ni mambo mangapi ya nyumbani yanayokubali hivyo?

Tena macho yako yako kwenye kazi, si kwenye uso wa mwenzako. Neno zito hutoka kwa urahisi zaidi namna hiyo. Mengi niliyoambiwa katika kazi yangu sikuyasikia ofisini. Niliyasikia mtu akiwa ameinamia uzi.

Wasomi nao wameliangalia jambo hili. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wollongong, kule Australia, walichapisha majibu ya wafumaji wa kroshia zaidi ya 8,000 kutoka nchi mbalimbali. Karibu 90 katika kila 100 walisema huwa wametulia zaidi wakifuma. Lakini tuseme ukweli, walioulizwa ni watu ambao tayari wanaipenda kazi hiyo. Ukimwuliza mlevi kama pombe ni tamu atakujibu nini?

Na sindano si dawa ya kila kitu. Kama wiki mbili nzima hulali, huli, huoni raha hata ya mtoto wako, au unawaza kujiua, weka uzi chini uende kituo cha afya. Na usiende peke yako, mwite mmoja wa hawa waliokaa karibu nawe.

Kwa wanaoanza: msianze na uzi mwembamba wa pamba, usiku, kwa taa ya koroboi. Mtaumiza macho na kuongeza hayo mawazo. Chukueni uzi mnene, wa rangi isiyo nyeusi ili muone vitanzi, na sindano ya milimita 4 au 5. Kila nusu saa fungua na kufunga ngumi, kifundo cha mkono kipumzike. Akina baba, msicheke. Wavuvi wanaotengeneza nyavu kule ziwani hufanya kazi ya vidole kama hii, na hakuna anayewacheka.

Ombi langu kwenu viongozi wa vikundi ni hili. Siku za mradi, leteni daftari. Lakini iweko siku moja isiyo na daftari, na kila mtu awe na kitambaa chake kimoja kisichopimwa, kisichoulizwa kitaisha lini, wala kuuzwa. Kile kikundi cha mwembe nilikirudia nikawaomba msamaha. Saba walirudi. Yule mjane hakurudi, na hilo linaniuma mpaka leo. Nyanya yeye anafuma blanketi la vipande vipande ambalo naona haliishi. Akifika mbali analifumua tena.

Haya, sasa tupitishe kikapu. Sindano ni kumi na mbili tu, kwa hivyo kaeni wawili wawili, anayejua na asiyejua. Na ninyi wa mlangoni, sogeeni huku mbele.